Mama na Shangazi Katika Shamba Moja

Maswali ya hesabu ya watu wanaofanya kazi pamoja yalinikera tangu kidato cha pili. Mmoja anamaliza kazi kwa siku sita, mwingine kwa siku tatu. Wakishirikiana watamaliza kwa siku ngapi? Wa kwanza kwa siku moja hufanya moja ya sita, wa pili moja ya tatu, jumlisha, unapata nusu. Basi siku mbili. Sawa, lakini mimi na udadisi wangu nikauliza: hawa watu wanaelewana? Mwalimu akaniambia niache ujuaji, niandike jibu.

Nilikuwa na sababu. Kwetu, nje kidogo ya Garsen, mama na shangazi, dadake baba, walikuwa na shamba moja la mpunga walilogawana katikati. Nusu ya mama ilikuwa upande wa mto, ya shangazi upande wa barabara. Na walikuwa hawasemezani, kisa sufuria iliyoazimwa ya harusi ikarudishwa imetoboka. Sufuria, jamani!

Likizo ile mpunga umeiva, simu zikaanza kulia: huko juu mvua imenyesha vibaya, mto utatufikia alfajiri ya siku ya tatu. Chakula chetu cha mwaka mzima kiko shambani. Nikachukua kijiti nikapiga hesabu mchangani. Mwaka mama alipougua, shangazi alivuna shamba zima kwa siku tatu. Mwaka shangazi alipojifungua, mama alilivuna kwa siku sita; mkono wake mzito, mwenyewe anajua. Wallahi, kama kitabuni! Siku mbili, tumepona. Nikafurahi kweli.

Halafu nikashtuka. Kila mtu akibaki kwenye nusu yake, shangazi atamaliza siku ya pili saa sita mchana aende zake, na mama anahitaji siku tatu kamili. Theluthi ya nusu yetu itaenda na maji. Nikaitazama ile alama ya kujumlisha pale mchangani. Kumbe ilikuwa inamtaka shangazi avuke mpaka, na kitabu hakikusema hilo popote.

Nikamwambia mama akamwombe.

"Afadhali nilale njaa," akasema.

Hasira zikanipanda. Alale peke yake, basi! Shangazi naye sikuthubutu kumgusia. Yule ukimwomba jambo ndipo anakataa.

Siku ya pili, saa sita, shangazi akakata suke lake la mwisho. Mimi nilikuwa nabeba miganda kuipeleka kwenye tuta, nikasimama nayo kichwani. Akanawa miguu. Akakaza leso kiunoni. Akatazama barabara, kisha akamtazama mama, aliyekuwa ameinama na kiburi chake, hainui uso. Akasonya. Kisha akaruka mfereji, akaingia upande wetu na kuanza kukata.

"Wifi, sogea, unanizibia."

 Mama alisogea, machozi yanamtoka, kisu hakisimami. Nikaona nami nalia, na miganda yangu kichwani.

Walikata bega kwa bega mpaka jua likainama.

"Umekula?" mama akauliza.

"Nile saa ngapi, na maji yanakuja?"

Tulimaliza magharibi. Alfajiri mto ukapanda shambani, ukakuta mabua matupu.