Kibuyu Kisichoonjwa

Kwa miaka arobaini Kokwijuka alipika pombe ya ndizi kijijini kwao Izimbya, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyepokea kibuyu mkononi mwake kabla yeye mwenyewe hajakionja. Padri akija, alionja. Mlevi aliyelala mlangoni tangu jana, alionja. Kaka yake wa tumbo moja alisubiri kama wengine. Hakuna aliyeona tusi. Tusi ni kutoonja. Kule, anayekupa kinywaji huku yeye kafunga mdomo anakuambia uanze kuchimba kaburi.

Uso wake ulikuwa na mashimo kama vumbi la uani baada ya matone ya kwanza ya mvua. Ndui ilimpitia akiwa na miaka sita, ikaondoka na dada zake wawili. Kwa hiyo mwaka 1968, iliposikika kwamba ndui imeingia bonde la pili, hakuna mtu Izimbya aliyeitaka chanjo kuliko yeye. Liwekeni hilo akilini, maana baadaye mtasoma kwamba alikuwa adui yake.

Chanjo ililetwa na Mutalemwa, mchanjaji kutoka Bukoba mjini, mtu mpole mwenye baiskeli na sindano ya ncha mbili. Lakini aliyepanda juu ya meza kuitangaza alikuwa Bwana Kaijage, katibu wa tawi, mwenye suti ya kaki na tumbo lililotangulia maendeleo.

"Ndugu wananchi," alisema, "maadui zetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Leo nawaona wote watatu wamekaa mbele yangu."

Baada ya kutukanwa hivyo, watu walirudi nyumbani kupalilia migomba. Wiki nzima walichanjwa watu tisa, walimu na wake zao.

Wiki ya pili Kaijage akatangaza kwamba asiyechanjwa, kahawa yake haitapokelewa.

"Sasa naelewa," akasema Byabato, mwana wa Kokwijuka. "Dawa ni nzuri mpaka inabidi watunyang'anye kahawa ndipo tuikubali."

Byabato alikuwa na binti mmoja, Alistidia, wa miaka miwili. Alianza kumbeba mgongoni kwenda naye shambani kila siku, bibi yake Kokwijuka asije akamwiba na kumpeleka kwa mchanjaji. Hakukosea. Bibi alikuwa ameshalipanga.

Kokwijuka alipoona wizi umeshindikana, akaenda ofisini kwa katibu.

"Waitu," alimwambia kwa heshima, "weka meza mbele ya kanisa Jumapili. Vua shati, uchanjwe wa kwanza. Watu watakuja."

"Mimi nimeshachanjwa, mukaikuru, bibi yangu. Kadi hii hapa, na muhuri."

"Na kidonda?"

"Kidonda gani?"

"Cha chanjo. Mwalimu anacho begani, kimevimba kama jipu. Nionyeshe chako."

Kaijage akavuta mkono wa shati chini, ingawa tayari ulikuwa umefika kwenye saa. "Mukaikuru, sayansi si pombe. Sayansi haionjwi."

Aliupenda msemo huo hata akaurudia kwenye mkutano, wapambe wake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Wananchi hawakucheka. Walitazamana.

"Mawe, mama yangu, umemsikia," Byabato alimwambia mama yake. "Amekiri mwenyewe. Haonji."

Wiki ya tatu katibu akaleta polisi. Vijana na wazee wakakimbilia migombani, mabibi wakajificha chini ya vitanda. Mutalemwa akabaki mezani peke yake na dawa inayoharibika kwa joto. Hapo ndipo Klaudia alipoanza homa. Alikuwa binti wa Ndyamukama, jirani wa kibanja kinachofuata, miaka kumi na sita, mahari yake ilikwisha kupokelewa. Siku meza ya chanjo inawekwa alikuwa mzima, anakatiza pale na mtungi wake akitaniana na walimu. Kokwijuka ndiye aliyemuuguza, kwa kuwa ndui haimrudii mtu. Ndiye aliyemvika sanda pia.

Siku mbili baada ya maziko, Jumamosi mchana, Kaijage alifika kwa Kokwijuka kunywa, kama kila Jumamosi. Wanaume kumi hivi walikuwa wamekaa wakitafuna kahawa. Byabato alikuwepo, mtoto magotini.

Kokwijuka akajaza kibuyu, akakishika kwa mikono miwili, akampa Kaijage. Hakuonja.

Utafunaji ukakoma.

"Umesahau, mukaikuru," Kaijage akasema, akijaribu kutabasamu.

"Sijasahau."

"Basi onja."

"Ya nini, waitu? Nimeipika mwenyewe, ni nzuri. Wewe ni msomi. Kunywa."

"Onja kwanza."

"Usiponywa nitazuia kahawa yako. Ukikimbia nitaita polisi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Au unaniona mimi mjinga nikikuambia pombe yangu haionjwi?"

Kaijage alikitazama kibuyu, akautazama uso ule wenye mashimo. Akakiweka chini.

"Sasa umejua tulivyokaa wiki tatu," akasema Kokwijuka. "Kesho baada ya misa. Na shati uvue lote."

Wakamkuta kesho yake mbele ya kanisa kabla hata kengele haijalia. Nadhani aliogopa kiu kuliko sindano. Mikono yake yote miwili ilikuwa laini kama ndizi iliyomenywa. Kadi ilikuwa na muhuri, mkono haukuwa na kitu. Mutalemwa, aliyeamriwa kuupiga muhuri huo, aliinamisha kichwa, kisha akamdunga mara kumi na tano bila haraka yoyote. Katibu alifumba macho na kung'ata mkanda wa kofia yake. Aliyefuata mezani alikuwa Byabato, na Alistidia mikononi. Kufikia Jumatano kadi zilikwisha.

Mwezi uliofuata taarifa ilisomwa hadharani. Ilisema kampeni ilicheleweshwa na imani potofu za wanawake wazee wapika pombe, na ikafanikiwa kwa elimu iliyotolewa na katibu. Klaudia aliingizwa kama "kifo kimoja". Jina halikutajwa. Ndyamukama alisimama, akatoka.

Kokwijuka hakumnyima Kaijage pombe. Kila Jumamosi alimjazia kibuyu mpaka mdomoni, kisha akaonja mbele ya watu wote, funda refu la koo zima.

"Wiki ya matusi," anasema. Anaonja tena. "Wiki ya kahawa." Anavuta la mwisho mpaka macho yanamtoka. "Wiki ya polisi."

Ndipo anampa. Kwenye kibuyu pamebaki mashapo, na katibu anayanywa, kwa sababu yameonjwa.