Ubao Usioguswa

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na kwenye ile semina ya ubao wa umeme wa kugusa kule mjini Mbarara nilienda kula tu. Wenzangu walipokuwa wakifundishwa, mimi nilikuwa kwenye foleni ya kuku. Niliambulia neno moja tu: ubao una bei kali. Niliporudi, ubao wetu ulipofungwa darasani, nikawatisha watoto, "Atakayeugusa, umeme utamuua!" Muhula mzima nikaonyesha picha kwa fimbo, kifua mbele.

Juzi akaja mgeni kutoka Mbarara kukagua ubao, akafungua picha ya ng'ombe. Akamwita Furaha, binti aketiye mbele: "Wewe mtoto, kuja, gusa hii ng'ombe."

Furaha akaficha mikono mgongoni. "Mwalimu alisema hii kitu inauaka batu."

Mgeni akacheka, akabandika kiganja ubaoni. Ng'ombe akalia.

Darasa zima likangoja mgeni aanguke. Hakuanguka. Basi wote wakageuka, wakaniangalia mimi.