Mkwe Aliyetoka Muhabura

Kutoka vilima vya Kimuli, mlima Muhabura hauonekani kila siku, na anayekuambia kwamba yeye huuona kila asubuhi ni mwongo au ni mgeni. Kiangazi nyasi huchomwa, moshi ukatanda bondeni mpaka kilima cha jirani kinapotea. Masika mawingu hujikalia tu. Lakini mvua ikinyesha usiku kucha ikakatika alfajiri, basi kwa kitambo kidogo unapewa vyote: mto Kagera na mafunjo yake, maziwa madogo yanayong'aa ng'ambo, vilima vya Rwanda kimoja nyuma ya kingine, na huko mwisho kabisa ncha ya buluu, peke yake. Kabla ng'ombe hawajamalizwa kukamuliwa huwa imekwisha futika.

Yudesi aliijua saa hiyo kuliko mtu yeyote wa Kimuli, kwa sababu alizaliwa chini ya mlima ule, upande wa ziwa Burera. Jina la Yudesi alilipata baadaye kwa ubatizo, lakini ndilo tulilomjua nalo, tumwite hivyo hivyo. Alikuja mwaka wa njaa, miaka ya ishirini ikielekea ukingoni, akimfuata baba yake aliyesikia kwamba huku Karagwe ndizi zinaozea mgombani kwa kukosa walaji. Ulikuwa uongo, ila ulikuwa uongo wa kutia miguu nguvu. Walivuka Kagera kwa mtumbwi, wakapalilia migomba ya watu kwa kulipwa chakula, na mvua iliporudi kwao baba akafunga virago. Hakuondoka na binti yake. Tumwine, kijana wa wafugaji, alikuwa amemwona akichota maji, akaugua mapenzi hadharani bila haya mpaka wazazi wake wakachoka naye.

Baba yake Tumwine, mzee Ndyamukama, alikuwa mtu wa ng'ombe kutoka utosini hadi unyayoni. Kumwoza mwanawe binti wa watu wa jembe kulimkwama kooni. Akakubali kwa sharti moja, akalisema mbele ya wazee: msichana ajifunze adabu ya maziwa, na siku atakayoivunja atarudishwa kwao. Baba yake Yudesi akaona hilo si neno gumu. Aliswaga ng'ombe wa mahari kuelekea magharibi, na wakati wa kuagana akamwambia binti yake kwamba akiuona mlima, ajue na wao kule wapo.

Adabu ya maziwa ilikuwa na mambo mengi. Vyombo hufukizwa kwa moshi wa nyasi maalumu mpaka vinukie. Mwanamke hakamui. Lakini kubwa kuliko yote ni hili: aliyekula maharage, njegere au viazi vitamu hatii maziwa kinywani siku hiyo. Akithubutu, kiwele cha ng'ombe aliyetoa maziwa yale huvimba na kutoa damu. Nyumba ile ilikuwa imekwisha pokea dini, wakisali Jumapili kwa sauti nzuri, lakini katika jambo la kiwele hakuna padri wala mwalimu aliyeulizwa.

Sasa mfikirie binti aliyekuzwa na maharage tangu kuota meno. Mwaka wa kwanza alivumilia. Mama mkwe wake, Eseri, mwanamke mrefu asiyepoteza maneno, alimfundisha kufukiza na kusukasuka maziwa bila kumsifu na bila kumkaripia. Yudesi alimwogopa. Asubuhi mlima ukionekana, alikuwa akisimama nyuma ya zizi na kuutazama hadi unapofutika, kisha anarudi ndani macho mekundu, na Eseri anajifanya hakuona.

Mwaka wa pili akashika mimba, na mimba haina adabu. Kilikuwa kiangazi kirefu, mlima umefichwa na moshi mwezi mzima, na hamu ya nyumbani ikamshukia Yudesi tumboni. Aliota maharage. Aliyanusa mahali yasipokuwapo. Alasiri moja akapita kwa jirani yao Adelgunda, mke wa mkulima, akakuta chungu kinatokota, na Adelgunda, kama mwanamke yeyote mwenye moyo, akamjazia bakuli. Yudesi alikula mpaka akalia. Alijipangia kwamba jioni atasema kichwa kinamuuma, alale bila kunywa maziwa.

Lakini jioni hiyo hiyo Ndyamukama alikuwa amekata shauri lake. Mkwe ana mimba, na yeye mzee, kwa kiburi chake chote, alifurahi. Akamchagua ng'ombe bora wa zizi, mweupe mwenye pembe ndefu, awe wa mtoto atakayezaliwa. Akamkamua mwenyewe, akampa Eseri chombo ampelekee mkwe, naye akasimama uani kusubiri kirudi kitupu. Heshima ya namna hiyo haikataliwi. Yudesi alikishika chombo, akayatazama maziwa na povu lake, akamfikiria mzee aliyesimama nje. Akanywa yote.

Alipokirudisha, Eseri alimtazama usoni. Akanyoosha kidole, akabandua ganda la haragwe kwenye jino la mkwe wake, akalitupa majivuni. Kisha akatoka na chombo kitupu.

Siku chache baadaye kiwele cha ng'ombe mweupe kikavimba. Upande mmoja ukawa mgumu, na chuchu zikatoa damu. Leo mtu wa mifugo angekuja na sindano na kukutajia ugonjwa wenye jina refu. Wakati ule jina lilikuwa moja tu, na Ndyamukama akatangaza kwamba kesho asubuhi watu wote wa nyumba yake wakutane uani. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza ni nani anashukiwa. Tumwine alikaa kitandani ameshika kichwa. Alimuuliza mkewe kama alikula, mkewe akageukia ukutani, na Tumwine akajua.

Usiku mvua ya kwanza ya vuli ikanyesha. Alfajiri ikakata, na mlima ukajitokeza wazi kuliko siku zote, unaonekana hadi kiunoni. Yudesi alikuwa amesimama mahali pake nyuma ya zizi. Alikuwa ameomba mwezi mzima auone, na sasa ulikuwa pale, na ndiko atakakorudishwa kabla ya jua kuwa kali, na mimba yake, na aibu yake. Ndipo alipogundua kwamba hataki kwenda. Alimtaka Tumwine mjinga wake, alitaka moshi wa vyombo asubuhi, na alimtaka hata yule mama mkimya. Akageuka, akaupa mlima kisogo, akabaki akiutazama mlango wa nyumba mpaka walipoitwa.

Uani Ndyamukama aliuliza mara moja tu: nani alikula akanywa? Yudesi akafungua kinywa. Kabla sauti haijatoka Eseri alikuwa amekwisha sema, kwa sauti ile ile ya kuagizia kuni:

"Ni mimi."

Mzee alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Alikuwa amezaa naye watoto saba na kuzika naye watatu; mke wa namna hiyo harudishwi popote. Nadhani alijua. Lakini neno limesemwa mbele ya watu, na sheria ni yake mwenyewe. Akatamka kwamba Eseri hatakunywa maziwa ya zizi lile mpaka kiwele kipone. Kiwele hakikupona. Upande ule ulikauka, ng'ombe akazeeka nao, akafa nao, na Ndyamukama, aliyekuwa mkaidi, hakuliondoa neno lake, wala Eseri hakuomba aliondoe.

Hivyo mama mkwe akawa mtu wa maharage. Yudesi aliyapanda nyuma ya nyumba, akampikia kila siku, na kwa miaka yote hiyo walikula pamoja, kwa kuwa Yudesi naye aliacha maziwa kimyakimya. Mara kadhaa alitaka kwenda kwa mzee aseme ukweli. Kila mara Eseri alimwambia akatazame chungu kisiungue. Watoto walizaliwa, wa kwanza akaitwa Kemirembe, wakanywa maziwa kwa niaba ya mama na bibi yao. Baba yake Yudesi alifariki kule Burera, na habari zilipofika Eseri ndiye aliyekaa naye chini juma zima.

Ndyamukama alifariki mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Matanga yalipokwisha, Tumwine, ambaye sasa zizi lilikuwa lake, alikamua jioni ile, akampa mkewe chombo bila kumwambia ni cha nani. Haikuwa lazima. Yudesi alikipeleka ndani. Eseri alikuwa amelala ubavu, amebaki mifupa na macho. Akainuliwa, akakipokea kwa mikono miwili, akakinusa, na hakunywa mara moja.

Yudesi alipiga magoti mbele yake. Swali lilikuwa limemkaa rohoni tangu ujana wake, akaona asipouliza leo hatauliza tena.

"Mama, kwa nini ulisema ni wewe?"

Eseri alivuta pumzi. "Kila mlima ulipoonekana ulikuwa unautazama," akasema. "Nami kila siku nilikuwa nikijiambia, huyu ni mgeni, ipo siku atakwenda. Asubuhi ile nilikuwa dirishani. Nikakuona umeupa mgongo, unautazama mlango wangu. Mtoto anayeutazama mlango wangu namna ile, nimtoe nje mimi?"

Yudesi alilia kwa sauti, mwanamke mzima mwenye wajukuu njiani. Eseri alimwacha alie. Akanywa maziwa yake taratibu mpaka tone la mwisho, akamrudishia chombo, akamwomba amwongezee.