Swali Aliloliruka Mwanafunzi Wake

Marehemu mume wangu alikuwa tabibu kwa miaka thelathini na mmoja, na hakumwandikia mtu mofini, ile dawa kali ya maumivu, kabla ya kumkalisha chini na kumuuliza. Chumba chake kilikuwa na meza ya bati, viti viwili na dirisha lililotazama ukuta. Maumivu yako wapi? Unakunywa pombe? Unatumia dawa za usingizi? Nyumbani kuna mtu anayetumia dawa za kulevya? Kisha alieleza: hii itakufunga choo, itakutia usingizi, usimgawie jirani hata akikulilia, na ikibaki irudishe.

Watu hawakupenda. "Tabibu, nimekuja na mgongo, sikuja kuposa," mmoja alimwambia. Wakambandika jina la Bwana Maswali. Kaka yangu alinuna mwaka mzima kwa kuulizwa habari za pombe, tena na shemeji yake. Marafiki wakapungua, maana nani anataka kukaa barazani na mtu anayejua siri ya kila nyumba? Jioni alicheza drafti peke yake, na bado aliniambia kafungwa.

Saratani ya mifupa ilipomlaza, aliyekuja ni mmoja tu, tabibu wa kike ambaye mume wangu mwenyewe alimfundisha kazi. Alikaa kando ya kitanda na karatasi yake, akauliza, akaeleza, akafunga kalamu.

"Umeruka moja," mume wangu alisema.

"Mwalimu, nyumba hii naijua."

"Nyumba haijulikani mpaka iulizwe. Uliza."

Yule tabibu binti alinitazama kwa haya. "Mama, humu ndani kuna mtu anayetumia dawa za kulevya?"

"Hakuna," nilijibu. Jina letu lilikuwa safi tangu enzi za babu zake mume wangu, na sikukusudia lichafuke mbele ya mtoto wa watu.

Mume wangu alikuwa akitetemeka kwa maumivu. Alijua chupa ya mofini ya wiki mbili imo ndani ya mkoba wa yule tabibu, na kwamba akinyamaza itaachwa kwetu.

"Yupo," alisema. "Andika."

Ni nani, sitaandika; hilo ni letu. Binti alipima dozi za siku moja, akaondoka na chupa yake.

Tangu hapo nilikwenda kituo cha afya kila asubuhi kuchukua dawa ya siku hiyo. Nilivaa nguo zangu za kazi, mimi niliyekuwa mwalimu mkuu, nikapanga foleni. Watu waliziona safari zangu wakahitimisha kwamba Bwana Maswali kanaswa na dawa zake mwenyewe. "Mganga hajigangi," nilisikia nyuma yangu, na kicheko. Sikugeuka. Kuwajibu kungekuwa kumtaja mwingine.

Asubuhi moja foleni ilinichelewesha. Nilimkuta ameuma shuka, ametota kwa jasho.

"Ungenyamaza tu siku ile," nilimwambia, "leo ungelala bila maumivu."

"Na yeye angelala moja kwa moja, mke wangu."

Alifariki Jumanne, wiki ya saba ya foleni zile. Waliomzika hawakujaza hata mabenchi mawili. Kwa kuwa bado wapo wanaosema alikufa mraibu, naandika kwamba hakuwa. Alipewa kipimo chake na hakuomba tone la ziada.

Yule mwingine yu hai. Tunakula meza moja, mimi upande huu na yeye upande ule, na hatusemezani.