Pale Sindano Inaporuka

Kabla hajawa mpiga saksafoni, alikuwa kompresa. Karakana ya mjomba wake ilitengeneza rejeta za magari, na karakana ya rejeta inayojiheshimu huwa na kompresa ya kupimia uvujaji. Pale kwa Mjomba hapakuwa na kompresa, palikuwa na yeye. Rejeta ikishachomelewa, matundu yake yalizibwa kwa vizibo vya mpira, likaachwa moja tu. Hilo likavikwa bomba, rejeta ikazamishwa kwenye pipa la maji, na msichana wa miaka kumi na miwili akaambiwa apulize. Palipotoka mapovu ndipo palipovuja. Lori likija na rejeta kubwa kama mlango, alipuliza mpaka masikio yakaziba. Wateja wakamwita Rejeta, jina likamganda.

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa mtu wa kazi mbili: siku za wiki rejeta, Jumamosi mchana tarumbeta. Bendi yake ya jazi ilishika ukumbi wa mtaa kila Jumamosi kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, tai shingoni, viatu vinang'aa, na watu wazima wenzao walikuja kucheza dansi kwa adabu kama wanaobeba mayai. Siku moja alimtazama mpwa wake akichemsha maji ya pipa kwa mapovu, akasema, "Pumzi yote hii inaishia majini." Akamletea saksafoni ya bendi iliyopasuka shingo. "Ichomelee kwanza. Ukiiharibu, rudi kwenye pipa."

Aliichomelea. Hakuna aliyemfundisha kupiga. Mwalimu wake alikuwa santuri moja iliyokaa chumba cha nyuma cha karakana, pamoja na gramafoni yake. Bendi ya Mjomba ilirekodi mara moja tu maishani, enzi za ujana wake. Nakala zilichapwa chache, na hiyo ilikuwa ya kwake. Rejeta aliisikiliza wakati wa chakula cha mchana, siku baada ya siku, akiiga sauti baada ya sauti. Katikati ya wimbo, tarumbeta ya Mjomba ilibaki peke yake, ikapanda, ikapanda, halafu *tak*, ikawa imeshashuka na bendi nzima inaendelea upande wa pili. Mapigo matatu na nusu hayapo. Ilikuwa kama kuteremka ngazi usiyojua kwamba imeng'olewa kidato kimoja.

Mtu mwingine angejua kwamba sindano imeruka. Yeye hakujua. Alikuwa hajawahi kusikia santuri nyingine. Aliona ndivyo wimbo ulivyotungwa, akaujifunza pamoja na mruko wake, na ile *tak* akaipiga kwa ulimi kwenye mdomo wa saksafoni, kwa uaminifu kabisa.

Alipokuwa na miaka kumi na sita wakampandisha jukwaani kwenye mazoezi. Alifika pale, akaruka, bendi ikabaki nyuma imeduwaa kama abiria walioachwa kituoni. Mpiga kinanda alicheka mpaka akalalia kinanda. Mjomba peke yake hakucheka. Alisema tu, "Hicho ni kilema. Usikirudie," akageuka kutafuta kitambaa cha kufutia tarumbeta iliyokuwa safi.

Hakukirudia jukwaani. Kwa miaka kumi na minane iliyofuata alipiga wimbo huo ukiwa umenyooka, kama alivyoagizwa. Lakini karakanani, rejeta zikipoa, aliupiga anavyoujua.

Ndipo alipokuja muuza viatu vya mitumba. Pikapu yake ilikuwa inachemka, na yeye mwenyewe alikuwa haishiwi maneno. Sokoni alinadi viatu kwa kipaza sauti cha mkononi tangu asubuhi hadi jioni, kwa vina, bila kurudia mstari, na kwa sababu kila mnada aliumalizia kwa maneno yale yale, watu walimwita Nusu Bei. Akisubiri rejeta yake, alimsikia fundi akipuliza saksafoni, akainuka kwenye benchi.

"Dada, rudia hapo."

"Hapo wapi?"

"Pale unapojikwaa."

"Mimi sijajikwaa."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia urudie."

Akarudia. Nusu Bei akaingiza maneno juu yake, ya viatu tu, sijui soli, sijui kamba, na mruko ulipofika akaukata mstari nusu ya neno, akaumalizia upande wa pili. Wakatazamana kama watu waliogundua kwamba wana ndugu mmoja.

Kijana huyo alikuwa na kimashine cha kukatia sauti. Alichukua vipande vya santuri za zamani, akavikata, akavizungusha, akarap juu yake. Alieleza kwamba alihangaika wiki nzima kukifundisha kimashine kuyumba, kikakataa, kinanyooka tu kama askari wa gwaride. "Na wewe unayumba bure," alisema, "bila hata umeme."

Wa tatu wao alikuwa Fundi Saa. Kibandani kwake alitengeneza saa za watu, na jioni alipiga ngoma za bendi ya Mjomba, akichelewa kidogo nyuma ya mdundo, kila mara kwa kiasi kile kile. Mtengeneza saa anayechelewa: bendi ilimtania kwa hilo mpaka utani ukazeeka. Nusu Bei alipomsikia, hakumtania. Alimwomba achelewe zaidi.

Muziki wao ulikuwa hivyo. Kipande cha jazi kinazunguka, ngoma inaburuta mguu, saksafoni inayajibu maneno na maneno yanaijibu saksafoni. Hakuna aliyejua mwenzake atasema nini, ila wote walijua mruko uko wapi. Huo ndio uliokuwa mlingoti wa hema. Ukiung'oa, linabaki turubai.

Kifua cha Mjomba kilipokataa tarumbeta na daktari akathibitisha, mpwa wake alikwenda kwa meneja wa ukumbi kuomba Jumamosi ile ihamie kwake. Meneja alikuwa mtu mpole mwenye fomu. Fomu ilikuwa na visanduku viwili: jazi, Jumamosi ndani ya ukumbi; hip hop, Jumapili uani, karibu na mapipa ya taka.

"Weka tiki," alisema meneja.

Akaweka tiki mbili.

"Moja, dada."

"Kwani ukiwa na mama na baba, unaulizwa uchague?"

"Mimi sina masikio ya muziki, nina fomu. Ukiweka hip hop, nenda uani. Ukiweka jazi, watu watanilalamikia kwamba nimeingiza yule wa viatu na kipaza sauti chake." Akajikuna kidevu. "Ila kiongozi anayeondoka akitia sahihi kwamba ninyi ni bendi ya jazi, lawama inakuwa yake. Sahihi hiyo ije kabla ya Ijumaa. Kuna darasa la mazoezi ya viungo linaitaka nafasi hiyo."

Nusu Bei alisema uani si pabaya. Rejeta alimkatiza. "Uani ni pa kuweka kitu unachotaka kisahaulike. Sakafu ya mbao iko ndani, wachezaji wako ndani. Sihami."

Kwa hiyo kila kitu kilining'inia kwenye sahihi ya mzee mmoja, na mzee mwenyewe alikuwa na masharti.

"Nitatia," alisema Mjomba, amekaa sebuleni na blanketi magotini. "Mambo mawili. Muuza viatu ashuke jukwaani. Na kile kilema ukiache."

"Muuza viatu anakukera nini?"

"Anapiga kelele."

"Na mruko?"

"Nimesema ni kilema." Hapo hakumtazama. "Mpwa wangu, nimekupa saksafoni, nimekupa kazi. Nakuomba mapigo matatu tu."

"Matatu na nusu," alisema, akaondoka bila sahihi.

Alijiuliza njiani. Mtu anayebishana kuhusu kelele hupandisha sauti. Mjomba kuhusu kelele alipandisha. Kuhusu mruko alishusha. Anayeshusha sauti kwenye mapatano ana kitu anakificha chini ya meza.

Alichokificha kililetwa Jumatano na Nusu Bei, ndani ya mfuko wa viatu. Sokoni mtu alikuwa anauza rundo la vitu vya nyumba iliyovunjwa, na humo mlikuwa na santuri ile ile, nakala nyingine, haina hata mkwaruzo. Waliiweka kwenye gramafoni ya karakana, Fundi Saa amesimama na mikono nyuma kama yuko msibani.

Tarumbeta ikabaki peke yake, ikapanda, ikapanda. Sindano haikuruka. Ikaendelea kupanda, ikakosa sauti iliyokuwa inaitafuta, ikatoa mlio kama kuku aliyekanyagwa, ikahangaika, kisha ikashuka kwa aibu mpaka ilipowakuta wenzake.

Fundi Saa ndiye aliyesema kwanza. "Yule mzee amenicheka miaka ishirini kwa kuchelewa."

Rejeta hakucheka. Alichukua nakala ya zamani, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Maisha yake yote amesoma alama kwenye shaba: ufa wa joto ni huu, pigo la jiwe ni lile. Mkwaruzo wa bahati mbaya hupinda. Huu ulikuwa mfupi, umenyooka, umekwaruzwa pale pale panapohusika. Msumari, tena kwa rula.

Asubuhi ya Alhamisi alikuwa tena sebuleni, fomu mkononi.

"Nimeisikia nakala nzima," alisema.

Mjomba alikisukuma kikombe cha chai pembeni. "Iko wapi?"

"Kwangu. Uliikwaruza mwenyewe."

"Mama yako alikuwa anawapigia wageni santuri hiyo," alisema hatimaye. "Kila mgeni. Kila mara ikifika pale, natoka nje kama naenda kuangalia mvua. Siku moja nikachukua msumari." Akashika magoti yake. "Nilitaka iruke sauti ile moja. Ikachukua zaidi. Halafu ukaja wewe, ukajifunza ile. Ukaruka mbele ya bendi nzima. Kila ukiruka, mimi nasikia kilichoko chini."

"Wengine hawasikii."

"Mimi nasikia."

"Sawa. Sasa sikiliza na hili. Vijana wenye vimashine wanakata santuri, wanatoa wasichokitaka, wanaunganisha kilichobaki. Wewe ulifanya hivyo kwa msumari, kabla hawajazaliwa. Unamwita muuza viatu mpiga kelele, na kazi yake umeianza wewe."

"Usinipake mafuta."

"Sikupaki. Nakupa bei. Nitauacha mruko, na Nusu Bei nitamshusha. Lakini Jumamosi nisimame mbele ya bendi yako na wachezaji wote niwaeleze kwa nini nimeuacha. Sitawadanganya, wanajua naupenda."

Mjomba alimkodolea macho. "Unanitisha, wewe?"

"Kutisha ni kusema nitafanya. Mimi nasema uchague. Ukitia sahihi bila masharti, nakala nzima ni yako, ifanyie unalotaka. Misumari ipo dukani."

"Umejifunza wapi kupatana hivi?"

"Kwenye karakana yako. Nilikuwa nimeinama kwenye pipa, nasikia unavyozungumza na wateja."

Mzee alicheka, kicheko kikavunjika kuwa kikohozi, kikohozi kikachukua dakika yake. Kilipoisha alinyoosha mkono kuomba kalamu. Alisoma fomu yote, hata maandishi madogo. "Umeweka tiki mbili."

"Ndiyo."

"Anataka niseme ni jazi."

"Sema unachokiamini."

Akaandika polepole, akiuminya ulimi kwa meno kama mwanafunzi: *Ni jazi. Na hilo jingine pia.* Akatia sahihi. "Na santuri uniletee leo. Leo, si kesho."

Meneja aliisoma mara mbili, akasema hajawahi kupokea fomu ya namna hii, akaigonga muhuri kwa sababu hakuwa na kisanduku cha kukataa.

Jumamosi ilikuja na watu wale wale, na viatu vyao vile vile vya dansi. Nusu Bei alivaa tai ya kuazima iliyomkaba. Walipofika kwenye mruko mara ya kwanza, sakafu nzima ilijikwaa. Bwana mmoja alimkanyaga mkewe, mkewe akamwambia ukweli wake hapo hapo. Jozi nne zilikwenda kuketi. Mpiga kinanda wa zamani, sasa mgeni wa kawaida, alichukua kofia yake akatoka, na mlango akaubamiza ili ijulikane.

Fundi Saa alimtazama Rejeta: tunyooshe? Rejeta alitikisa kichwa: hapana. Nusu Bei, ambaye sokoni amezoea watu kuondoka, aliwanadi waliobaki mmoja mmoja, akamsifu mama wa gauni la kijani, yule aliyekanyagwa, jinsi anavyougeuza mguu, akamwambia bwana wake alipe fidia ya kidole. Watu wakacheka. Mzunguko wa pili wakajikwaa wachache zaidi. Mzunguko wa tatu mama wa gauni la kijani aliinua mguu, akauacha hewani, akangoja mruko upite, akautua. Bwana wake akamuiga, akachelewa, akaonekana ndivyo alivyokusudia.

Mjomba alikuwa mstari wa mbele, mikono kifuani, uso umekunjwa. Kila mruko ulipofika alitikisa kichwa kukataa. Hakukosea hata mara moja: alikataa juu ya mdundo kabisa.

Kati ya wimbo na wimbo meneja alipanda ngazi za jukwaa na daftari lake. Kuna watu wawili mlangoni, alisema, wanauliza leo ni muziki gani, wapate kujua kama waingie.

"Waambie waingie ndio wajue," alisema Rejeta, akalowesha mdomo wa saksafoni.

"Nataka jibu la kuwapa, dada."

"Umeshalipata. Shuka, tunaanza."