Ovaloki ya Mama Mchungaji

Fuatino, jirani yetu wa hapa kijijini Safotu, alishona kwa cherehani moja tangu aolewe. Nguo zake zilisifika kwa nje tu. Ukiigeuza blauzi yake, uliona nyuzi zikining'inia kwenye mishono kama ndevu za beberu. Alijaribu kuzifunga kwa mshono wa zigizaga, lakini nguo ikifuliwa kidogo zilichomoka tena. Siku moja kanisani sketi ya mwanakwaya mmoja ikafumuka ubavuni katikati ya wimbo, na yule mama akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Watu walicheka. Fuatino aliinamisha kichwa.

"Si uchukue ovaloki ikufungie kingo, wifi," Sieni, dada wa mumewe, alimwambia wakimenya magimbi. "Kaka yako si kasema atakutumia?"

"Ovaloki ina kisu."

"Kwani hicho ulichoshika ni kijiko?"

Kaka yake aliishi ng'ambo, Auckland, na alitaka jibu kabla kontena la mizigo ya ndugu halijafungwa. Fuatino hakujua aseme nini. Nyumba ilikuwa na meza moja, na chumvi ya bahari ilikula kila chuma. Akaenda kumwomba mama mchungaji, aliyekuwa na ovaloki, amwachie aijaribu.

"Njoo ushonee hapa kwangu nguo za kwaya," mama mchungaji alisema. "Na yangu pia."

Ya kwake ilikuwa puletasi, blauzi ndefu na sketi yake, ya kitambaa cha zambarau alichoachiwa na marehemu dada yake. Alitaka kuivaa Jumapili ya kufungua kanisa jipya.

Jumamosi asubuhi, wanaume wakiwasha tanuri la mawe nje, Fuatino alikuwa amekwisha kuizoea mashine. Ilivuta nyuzi nne kwa pamoja, ikishona, ikikata ukingo na kuufunga kwa mpigo mmoja. Nguo nyeupe za kwaya zilitoka safi ndani na nje. Zipu na vifungo haikuviweza. Hivyo vilirudi kwenye cherehani. Lakini kwa mishono mirefu ilikwenda kasi, na Fuatino akaenda kasi nayo.

Alipofika kwenye ubavu wa blauzi ya zambarau, kipande cha mbele kilijikunja chini bila yeye kukiona. Kisu kikakipitia. Alipoinua mguu wa mashine, mbele ya blauzi palikuwa na mpasuko mrefu kuliko kiganja.

Sieni, aliyekuwa akipiga pasi, alikuja akatazama.

"Sema kilikuja hivyo," alinong'ona. "Kitambaa cha zamani, nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Basi jua kimyakimya. Huyo anakuja."

Kandambili za mama mchungaji zilisikika barazani. Fuatino alisimama na blauzi mikononi.

"Mama, nimekikata. Kilijikunja, sikuangalia chini. Nisamehe."

Mama mchungaji aliichukua blauzi, akapitisha kidole kwenye mpasuko. Nje mtu alikuwa akiita watoto wachote maji.

"Nyumbani kwetu hakuna kingine kama hiki," alisema hatimaye.

"Najua, mama."

"Unaweza kukitengeneza?"

"Nikikata mbele yote wima, nikaingiza utepe mweupe wa kitambaa cha kwaya. Lakini lazima nirudi kwenye mashine hii hii."

"Basi rudi."

Akavuta kiti akaketi karibu, atazame. Fuatino alichomoa kila pini, maana pini ikikutana na kisu, kimoja lazima kivunjike. Alipapasa chini ya kitambaa kwa kidole, akakanyaga pedali kidogo, akasimama, akapapasa tena. Jasho lilimdondokea mkononi. Sieni aliiacha pasi mpaka ikapoa. Utepe ulipokwisha kuingia pande zote mbili, mama mchungaji aliigeuza blauzi akautazama mshono kwa ndani, akaikunja, akatoka nayo.

Jumapili aliivaa. Wanawake walisifu utepe wakidhani ndio mtindo. Yeye aliitikia kwa kichwa tu, mkono wake umeufunika.

Kesho yake kaka akapiga simu. Fuatino alisema, "Itume."

Sieni aliduwaa. "Baada ya yale?"

"Kabla ya yale nilikuwa naiogopa tu, wifi. Sasa najua inapouma."

Ilikuja na kontena lile. Aliiweka pembeni mwa meza, akaifunika kwa kitambaa chenye mafuta dhidi ya kutu, na majuma ya mwanzo alishona mabaki ya vitambaa tu. Nguo zake sasa hata ukizigeuza hazina aibu. Mama mchungaji humletea vitambaa mpaka leo, ila vya dukani tu. Vingine alivyoachiwa na dada yake huvipeleka kwa fundi wa mjini Apia, na Fuatino hajawahi kumuuliza sababu.