Kilichoinua Sakafu ya Ofisi Yangu ya Mbao

Kikombe kilianza kutembea chenyewe.

Ilikuwa Jumanne, saa tatu kasoro asubuhi, Februari mwaka huu. Nimekaa ofisini kwangu, kipaza sauti kiko tayari, daftari liko wazi. Kikombe cha chai kikateleza mezani polepole, kama kuna mtu anakivuta kwa uzi.

Nikakitazama tu.

Kikafika ukingoni, kikaanguka. Kalamu ikafuata. Kisha ubao ulio chini ya kiti changu ukalia, kwaa, na sakafu ikainuka.

Sitanii. Sakafu ya mbao, imepigiliwa misumari ya inchi nne, iliinuka mimi nikiwa juu yake.

Nikaukimbilia mlango, mlango ukagoma. Nikatokea dirishani kama mwizi, gauni likachanikia kwenye komeo.

Kabla sijakwambia kilichokuwa chini, nikurudishe nyuma kidogo. Bila hapo nyuma utadhani ni habari ya majini, nami habari za majini sina.

Naitwa Evarista. Ni mtoto wa Ilula, Iringa, pale barabara kuu ambapo basi likisimama tu, nyanya zinafika madirishani kabla abiria hajajinyoosha. Mama yangu, Rozalia, ni mmoja wa wale wanaokimbia na ndoo. Ndoo hizo ndizo zilizonisomesha Mbeya mpaka nikapata stashahada ya uandishi wa habari.

Stashahada nikaipata, kazi ikanikwepa. Nilizunguka Mbeya miaka miwili, leo natangaza harusi, kesho nasoma matangazo ya vifo. Mwisho nikarudi nyumbani.

Ndipo kampuni moja ya Arusha, inayofundisha wageni Kiswahili kwa simu, ikatangaza kwamba inatafuta sauti.

Msimamizi wao anaitwa Mercy. Aliponiuliza natokea wapi nikamjibu Iringa, akacheka puani. Nawajua watu wa namna hiyo. Ukitaja Iringa wanasubiri ulimi wako uteleze wapate cha kusimulia. Nikamsomea ukurasa mmoja.

Hakucheka tena.

Nikapewa masomo arobaini ya kurekodi katika miezi mitatu ya majaribio. Sharti lilikuwa moja: sauti safi. Rekodi zikirudishwa mara tatu kwa sababu ya kelele, tunaagana kiroho safi.

Sasa niambie, utarekodi nini kwenye nyumba ya Ilula? Mbele malori ya Zambia yanapiga breki usiku na mchana. Ubavuni kuna mashine ya kusaga. Sebuleni wateja wa mama wanagombania matenga.

Nikasema nitajenga ofisi yangu nyuma ya nyumba. Ya mbao. Ndogo, ya mtu mmoja na sauti yake.

Fundi alitoka Mafinga, anaitwa Philbert, mtu wa maneno mengi na penseli sikioni. Akaja na mbao za paini na nguzo za mkaratusi. Kwa kuwa kiwanja kina mteremko, akasema ofisi isimame juu ya nguzo: upande wa juu sakafu iwe usawa wa goti, upande wa bonde ifike kiunoni, maji ya mvua yapite chini. Nguzo akazipaka oili chafu kuwazuia mchwa. Kuta akazijaza maranda katikati, mimi nikabandika trei za mayai kwa ndani ili sauti isirudi.

Ilipendeza, nakwambia. Tatizo lilikuwa moja.

Mahali pazuri kuliko pote, mbali na barabara, palikuwa na kichaka cha mianzi ya ulanzi.

Kama hukai nyanda zetu, ulanzi ni hivi. Masika mianzi inachipua. Mgemaji anakikata kichwa kichipukizi, anafunga chombo chake cha mwanzi kiitwacho mbeta, na maji matamu yanadondoka humo tone kwa tone. Kila asubuhi na kila jioni lazima aje akwangue kidonda kwa kisu. Akikosa, kinaziba.

Kichaka kile kilikuwa upande wetu, kwenye kiwanja cha marehemu baba. Lakini aliyekigema tangu sijazaliwa ni baba mdogo Kasian, ambaye nyumba yake iko ng'ambo ya uzio. Alikuwa anakuja na kuondoka asubuhi na jioni, na sisi tulishazoea kumwona kama tunavyozoea kuona jua.

Nilimwarifu. Sikumwomba, nilimwarifu. Kiwanja ni chetu, hati ninayo, nikaona inatosha.

Philbert alipoikata mianzi, baba mdogo alisimama kwenye uzio mpaka wa mwisho ukalala. Majirani walikuwepo. Mama alikuwepo.

Akasema taratibu, "Kuanzia leo mguu wangu haukanyagi ua huu."

Akaondoka. Na baba mdogo akiapa, ameapa.

Philbert akaniuliza kama tung'oe na mashina. Akasema shina la ulanzi halina tofauti na jino la gego, litatuchukua wiki nzima. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, mvua zinakaribia, mkataba unaanza Desemba. Nikamwambia aache, yataoza yenyewe.

Mtoto wa Iringa, mwenye stashahada, nakata ulanzi mvua zikikaribia halafu nayaacha mashina ardhini. Endelea kucheka, nakusubiri.

Desemba nikarekodi vizuri. Mvua ikinyesha bati linapiga ngoma, kwa hiyo nilikuwa nawahi saa kumi na mbili asubuhi kabla mbingu hazijafunguka. Mercy akaridhika.

Januari rekodi ya kwanza ikarudi.

"Evarista, kwenu kuna bomba linavuja?"

Nikamjibu kwetu hakuna bomba, tunachota.

Akanitumia kipande, nikavaa vipokea sauti. Chini ya sauti yangu nzuri kabisa, nikifundisha namna ya kuagiza chakula hotelini, kulikuwa na kitu. To. To. To.

Wiki iliyofuata ikarudi ya pili. Safari hii, mbali na to to, kulikuwa na mkwaruzo, halafu pumzi. Pumzi ya mtu.

Lakini nimeshasema, habari za majini sina. Kesho yake niliamka mapema, nikachukua tochi, nikainama upande wa bonde kuchungulia chini ya sakafu yangu.

Machipukizi mawili yalikuwa yamekatwa vichwa, kila moja na mbeta yake imefungwa kwa ukambaa, yanatiririka kama hayajui kwamba kuna mkataba.

Kumbe mwenye kiapo alikuwa anaingia alfajiri kwa tumbo.

Hapo kichwa kikapata moto. Zimebaki rekodi chache, nimerudishiwa mbili, na aliyesababisha ni damu yangu. Ningemfuata nyumbani kwake, tukazungumza kwa adabu kama watu. Sikumfuata nyumbani. Nilisubiri Jumamosi, nikafungua mbeta moja, nikaibeba mpaka kilabuni alikokuwa amekaa na wazee wenzake.

Nikaiweka mezani mbele yake.

"Baba mdogo, uliapa hutakanyaga. Kumbe unatambaa."

Kilabu kizima kilikufa kwa kicheko. Mzee mmoja aliteleza kwenye benchi. Mpaka leo kuna watu wanamwita Mtambaaji, na jina hilo nimelitoa mimi.

Yeye hakucheka wala hakufoka. Aliinyanyua mbeta, akaumwaga ulanzi wote chini, akasema, "Sawa, mwanangu. Sitatambaa tena."

Nilirudi nyumbani nikiwa mshindi. Mama hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akasema nimemvua baba yangu nguo hadharani, niende nikapige magoti. Nikamjibu aliyevunja kiapo ndiye apige magoti. Akanitazama, akarudi kwenye nyanya zake.

Wiki mbili zikapita, ofisi kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Nikarekodi mpaka somo la thelathini na tisa.

Ndipo ikaja ile Jumanne.

Lilikuwa limebaki somo moja, mwisho wa kulituma saa kumi jioni. Nami nimesimama nje na gauni limechanika, ofisi imeinama kama mlevi, kila ubao unalia ukiugusa. Nikainama kuchungulia.

Machipukizi. Mengi. Yamenyooka kama mikuki, vichwa vimekandamiza sakafu. Mengine yalishapata upenyo wa mbao na kuingia ndani, yanatafuta dari.

Nikampigia Philbert. Akacheka hadi simu ikakatika. Akapiga tena, akasema yuko Mafinga, atakuja Ijumaa, na ya chini kule katikati hayakatiki na mtu asiyeijua kazi, yana vinyweleo vinavyowasha vibaya. "Mtafute mgemaji," akasema.

Ilula nzima mgemaji ninayemjua ni mmoja.

Nilimkuta baba mdogo uani kwake anapanga nyanya kwenye tenga. Nikasalimia, "Kamwene, baba." Akaitikia bila kuinua macho.

"Sakafu imeinuka."

"Mangapi yamegusa?" akauliza.

Hakuuliza ni nini. Aliuliza ni mangapi.

Akachukua kisu chake, akanifuata mpaka kwenye uzio. Hapo akasimama. Nikafungua geti, hakuingia. Nikakumbuka. Aliapa hatakanyaga. Halafu, kwa sababu ya mdomo wangu, akaapa hatatambaa.

Saa nne ikagonga. Mimi ndani ya geti, yeye nje, sakafu inalia kule nyuma.

Kisha akalitazama toroli lake la nyanya, akanitazama mimi.

"Nisukume."

Basi wadau, mwenye stashahada alimsukuma mzee wa miaka sitini na miwili kwenye toroli, kisu mapajani, mgongo umenyooka kama mkuu wa mkoa anakagua gwaride. Mama alitoka jikoni, akatuona, akarudi jikoni. Nilisikia sufuria likianguka na kicheko kikimshinda.

Kwenye ofisi nikaliinamisha toroli upande wa bonde, akateleza chini ya sakafu chali.

"Kulala sikuapa," akasema.

Nikaingia naye, kushika tochi. Nilikuwa sijawahi kuingia mpaka katikati. Ile alfajiri ya tochi niliona mbeta mbili pembeni nikageuka, hasira zimenijaa.

Sasa nikaona yaliyobaki.

Chini pale kulikuwa na vidonda vya zamani, vimekauka, vyote vimekatwa karibu na ardhi. Nikahesabu mpaka thelathini na nne, nikaacha. Kwenye hivyo hapakuwa na ukambaa wala alama ya mbeta. Ulanzi haugemwi hivyo. Ukikata chini namna ile hupati hata tone.

Mawili alikuwa anagema. Thelathini na kitu alikuwa anayakata tu, moja moja, kila alfajiri, yasiiguse sakafu yangu.

"Baba, kwa nini hukusema?"

Aliendelea kukata. Kisu kilikuwa kinalia chwaa, chwaa.

"Niliapa. Ningekuja kusema nimesimama wapi?"

Alipolikata la kumi na moja, sakafu ikashuka juu yetu kwa kishindo, ikakaa mahali pake. Vumbi la maranda likatujaa machoni. Tulikohoa kwa pamoja kama watu wa familia moja.

Somo la arobaini lilikuwa la maamkizi ya wakubwa. Nililirekodi mikono inaniwasha kwa vinyweleo vya ulanzi, nikalituma saa kumi kasorobo. Ijumaa, Philbert akiwa amelala chini anapigilia upya, Mercy akaandika kwamba nimepita, mkataba ni wa miaka miwili. Akaongeza kwamba sauti yangu ya siku ile ilikuwa na kitu, akauliza nilifanya nini. Nikamwambia nilikuwa na vumbi.

Mashina hatukuyang'oa. Baba mdogo bado anakata. Mbeta zimerudi mbili, ila sasa mdomoni mwa kila mbeta ameweka kitambaa, tone linaangukia kitambaani bila sauti. Geti, nimekuja kugundua, mama alikuwa haliweki komeo alfajiri tangu Januari. Alijua, akakausha. Na toroli liko pale uzioni. Namsukuma asubuhi, namsukuma jioni, anapungia watu mkono.

Nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kujenga kwenye kiwanja cha ukoo, usiishie kuangalia hati ina jina la nani. Kaa hapo wiki moja, uone nani hupita asubuhi.

Sasa kikao cha ukoo kimekaa mara mbili. Wanataka nimwombe baba mdogo radhi mbele za watu, palepale kilabuni nilipomwaibisha. Mama mdogo Faustina ameshachagua mpaka kuku wa suluhu.

Nimekataa.

Yeye aliniacha nirudishiwe rekodi mbili kwa kumeza neno moja, mimi ambaye kazi yangu ni maneno. Mimi nilimpa jina ambalo atazikwa nalo. Tumeshapimana. Na kila asubuhi nikifungua ofisi nakuta kikombe cha ulanzi mtamu wa alfajiri kwenye ngazi, kimefunikwa kisahani. Nikiomba radhi atanisamehe, tutakula kuku, yataisha, kisha atatembea kwa miguu yake kama watu wengine na toroli litarudi kubeba nyanya.

Kwa hiyo ukoo mzima na usome hapa, na anayetaka awasomee wasio na simu: sikuomba radhi, siombi, wala sitaomba.